Kompyuta za kwantamu: fizikia kwanza, au matriksi zinatosha?

Mleta mada:
Wakuu, nina ugomvi na ushauri mmoja unaotolewa kila mtu akiuliza pa kuanzia: "Achana na fizikia, soma vekta na matriksi, kyubiti, yaani biti ya kompyuta hizi, ni namba changamano mbili tu." Niliufuata mwaka mzima. Nikaweza kukokotoa algoriti ya Grover, ile ya kutafuta kitu kimoja kati ya vingi, kwa kalamu na karatasi. Kisha nikapata nafasi ya kutuma saketi kwenye mashine halisi. Saketi yenyewe ya kitoto: kyubiti mbili na mageti mawili, yaani hatua mbili za kuzibadilisha: Hadamard, inayochanganya 0 na 1 kwenye kyubiti ya kwanza, halafu CNOT, inayoigeuza ya pili pale ya kwanza ikiwa 1. Hesabu inasema 00 (zote mbili zikisomeka 0) itatoka nusu ya mara, 11 nusu nyingine, na hakuna kingine. Nikaipiga mara 1,000. 01 na 10 zikajitokeza makumi ya mara, na 00 ikaizidi 11. Nikarudia, ikaizidi tena. Matriksi zangu zikakosa la kusema.

Jibu nililikuta kwenye fizikia. Kyubiti za mashine ile ni saketi za supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani) zilizopozwa hadi takriban milikelvini 10, yaani karibu kabisa na sifuri halisi, baridi kuliko ya anga za mbali. Hali ya 1 ina nishati zaidi ya 0, kwa hiyo ukiiacha inaporomoka yenyewe kurudi 0. Ndiyo maana 11 inaliwa. Asiyejua kyubiti ni kitu gani atasomaje majibu yake?

Transista:
Mkuu, pole kwa huo mwaka, ila hoja haijasimama. Anayeandika programu za simu hajui elektroni zinapitaje kwenye silikoni, na kazi inaenda. Peter Shor, aliyetoa mwaka 1994 algoriti ya kuvunja namba kubwa katika vigawo vyake tasa, ni mwanahisabati. Na huo mporomoko wako una matriksi zake, zimo kwenye vitabu vya kiada. Umesoma nusu ya aljebra, unaisingizia yote.

Fundi Saketi:
Mfano wako umenisaidia mimi. Transista, ile swichi ndogo ya ndani ya simu, inasahaulika kwa sababu haikosei ila mara chache mno. Huku kwetu, geti la kyubiti mbili likikosea mara moja katika elfu tunashangilia. Sasa piga hesabu ya saketi yenye mageti 10,000. Huyo Shor mwenyewe ilibidi arudi mwaka 1995 na mbinu ya kusahihisha makosa, kyubiti 9 zikiilinda moja. Halafu matriksi ipi? Kwenye mashine ambazo kyubiti zake ni ioni (atomu zenye chaji) zilizonaswa kwa uga wa umeme, hali ya 1 inadumu sana, tatizo linahamia kwingine: mageti yake ni ya polepole. Utachagua matriksi kwa kujua nini?

Mwalimu wa Zamu:
Nafundisha somo hili. Mnabishana kuhusu fizikia bila kusema ipi. Wanafunzi wanaswagwa wiki nenda wiki rudi kwenye mlinganyo wa Schrödinger na atomu ya haidrojeni, wengi wanakimbia kabla hawajaisikia kyubiti. Mimi naanza na vipande vitatu vya plastiki ya kuchuja mwanga, kama ile ya miwani ya jua inayokata mng'ao. Weka viwili vikiwa vimepishana nyuzi 90: giza. Chomeka cha tatu katikati, kwa nyuzi 45: mwanga unarudi! Kwa vichujio visivyo na dosari, inapita robo ya mwanga uliotoka kwenye kipande cha kwanza. Umeongeza kizuizi, mwanga umeongezeka. Darasa linanyamaza kimya. Hapo ndipo nachora vekta ubaoni: kosini ya 45 kwa kipeo cha pili ni nusu, na nusu ya nusu ni robo. Kumbe kupima kunabadilisha hali ya kinachopimwa. Na haidrojeni hatujaigusa.

Mgeni Njiani:
Samahanini, ile ya "kyubiti ni 0 na 1 kwa pamoja, inajaribu majibu yote kwa mpigo" ni kweli?

Mwalimu wa Zamu:
Si hivyo. Ukipima unapata jibu moja, tena la bahati nasibu. Ufundi ni kuyapanga mawimbi yafutane kwenye majibu mabovu na yajengane kwenye lililo sahihi. Ndiyo maana hata Grover (1996) hana miujiza: kutafuta kitu kimoja kati ya milioni kunachukua hatua 800 hivi, badala ya laki tano kwa wastani.

Transista:
Fundi, la kuchagua matriksi nakubali kwa shingo upande. Lakini NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa Agosti 2024 viwango vya usimbaji (kuficha data kwa msimbo) vya kuzihimili kompyuta hizi. Anayeviweka kwenye seva supakondakta inamhusu nini?

Mleta mada:
Huyo simo naye, usimbaji huo hautumii kyubiti hata moja. Nasema anayetaka kuigusa mashine. Jaribu hivi: andaa 11, isubirishe, ndipo upime.

Transista:
Nimerudi baada ya siku mbili. Nimejaribu. Kadiri ninavyosubirisha, 11 inapungua na 00 inaongezeka, na 01 na 10 zinapanda kisha zinashuka. Nimechora, mkunjo ni ule ule wa kitabuni. Kwa hiyo bado nasema ni matriksi.

Fundi Saketi:
Na muda wa mporomoko ulioujaza ndani ya hiyo matriksi, uliutoa wapi?

Transista:
Kwenye mashine.