Naomba ushauri: plasta mbichi, mtoto ana pumu, na wageni wa Krismasi wanakuja
Habari wakuu. Nipo Moshi, na ndugu wa Dar wanapanda kama ilivyo ada yetu Wachaga kila Desemba. Sebule imepigwa plasta juzi juzi. Ukiigusa bado ina ubaridi, na chini ya dirisha kuna baka la unyevu. Fundi anang'ang'ania skimu (ile ya kulainisha ukuta) na rangi sasa hivi (hela ya sikukuu hiyo), wakati saruji inataka kama siku 28 ikomae.

Kubwa zaidi, mtoto wetu mdogo katoka hospitali, pumu ilimbana. Harufu ya rangi tu, anakohoa. Mke wangu anasema tuache ukuta ulivyo, wageni hawali rangi. Mama mkwe hataki kusikia.

Rangi ya maji haitabanduka? Au mtoto aende kwa bibi Kibosho? Ila kule baridi, na jikoni ni kuni.