Kuvu imemeza mbegu zangu za okidi, nimekosea wapi?

Mche wa Kivulini: Wakuu, naombeni msaada, nina uchungu kweli. Okidi yangu ya ardhini ilikomaza tumba, nikapata mbegu laini kama vumbi, ukipumua karibu zinapeperuka. Nikakata kipande cha mzizi wake, nikakuza kuvu iliyotoka, kisha nikaiweka pamoja na mbegu kwenye agari (jeli itokanayo na mwani) ya viazi na glukosi. Siku ya 9 sahani nzima imetanda nyuzi nyeupe kama pamba, mbegu zimekuwa kahawia na kuoza. Nimebakiwa na mbegu kidogo kwenye friji. Sitaki kuzipoteza na hizi.

Mzizi Mkavu: Pole sana. Chakula ndicho kilichokuponza. Agari ya viazi na glukosi ni ya kukuzia kuvu peke yake. Mbegu ya okidi haina akiba kama ya haragwe, inalishwa na kuvu. Lakini kuvu ikishiba sukari inaigeukia mbegu na kuila. Tumia unga wa oti gramu 2.5 mpaka 4 kwa lita ya maji, agari gramu 10, sukari usitie hata chembe.

Bibi Maua: Mimi nina shaka na kuvu yenyewe. Mzizini wamo wapangaji wengi! Chana utando mwembamba wa mzizi uutazame kwa hadubini. Ndani ya seli utaona nyuzi zimejiviringa kama kifundo cha uzi. Toa vifundo hivyo, uvioshe kwa maji safi, ndivyo uvikuze. Mara nyingi utapata Tulasnella au Ceratobasidium, ndizo kuvu zinazoishi na okidi.

Jani Moja: Kwani kuvu ya nini? Tangu mtaalamu wa mimea Lewis Knudson mwaka 1922 watu wanaotesha kwa sukari na madini, bila kuvu.

Bibi Maua: Kwa Phalaenopsis, zile okidi za madukani, sawa kabisa, mwanangu. Okidi za ardhini nyingi ni ngumu, na mche uliokua na kuvu yake unakuwa na mwenzake tayari ukihamia udongoni.

Mche wa Kivulini: Shikamoo Bibi. Kumbe ndiyo maana, mimi nilikuza kuvu kutoka kipande kizima cha mzizi. Sahani niziweke gizani?

Bibi Maua: Marahaba. Ndiyo, gizani, mpaka mbegu zivimbe kuwa vijidonge vyeupe vyenye vinyweleo, navyo vianze kutoa ncha ya jani. Ni wiki kadhaa, pengine miezi. Usimwage mbegu zote mara moja, na sahani moja iache bila kuvu uilinganishe.