Kurekodi wazee waliokulia Makande, Majengo, Shimanzi na Changamwe, 1945 hadi 1963: tuanzeje?

BinTudor

Assalamu alaykum nyote. Kikundi chetu cha vijana kimekubaliana na wazee kadhaa waliokulia mitaa ya wafanyakazi wa bandari na reli hapa Mombasa baada ya Vita vya Pili. Tunachotaka ni utoto wao: nyumba, maji, njia ya shule, michezo, baba alirudi kazini na nini mkononi. Wengi wamepita miaka themanini, kwa hivyo kila kikao ni lazima kifae. Tuna simu na maiki mbili ndogo za kubana kwenye nguo. Naomba mwongozo wa sauti, wa kupata tarehe (wazee husema "wakati wa Mwingereza" na hapo twakwama), na wa picha zao za zamani.

FundiSauti

Wa alaykum salaam. Simu yatosha ikitumiwa vizuri. Chagua programu inayorekodi WAV, si MP3, na uweke 44.1 kHz, biti 16, mono. Saa moja itakula kama MB 320, basi hakikisha kuna nafasi kabla hujatoka nyumbani. Weka simu kwenye hali ya ndege, maana ikipigwa katikati ya kikao, baadhi ya programu za kurekodi husimama zenyewe na hutajua mpaka mwisho.

Maiki ikae kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Kwa akina bibi, ibane juu ya kitambaa cha nje kabisa. Ikifichwa ndani ya buibui au leso, kila akisogea utasikia mkwaruzo ambao hauondoki hata kwa programu. Mwenye kurekodi avae hedifoni muda wote. Macho hayatakuambia kwamba waya umelegea.

Adui mkubwa wa rekodi za Mombasa ni pangaboi. Usimzimie mzee hewa kwa saa nzima. Mhamishe akae pembeni ya chumba, upunguze kasi, na urekodi kwa vipande vya dakika 25. Friji pia izimwe, na ufunguo wa gari uweke juu yake usije ukasahau kuiwasha. Kikao kiwe kati ya saa tatu na saa tano asubuhi: mzee hajachoka na adhana ya adhuhuri bado. Changamwe karibu na barabara kuu usitegemee utulivu, tafuta chumba cha uani. Mwisho wa kikao nyote mnyamaze, urekodi nusu dakika ya chumba kitupu. Itakusaidia wakati wa kusafisha sauti.

MhifadhiKale

Kuhusu tarehe, usimuulize mzee "mwaka gani?" Atakupa wowote ili akuridhishe. Muulize ilikuwa kabla au baada ya jambo linalojulikana, kisha umbane katikati ya mambo mawili.

Vigingi vya kutumia: mgomo mkuu ulioanza tarehe 13 Januari 1947 na kukaribia wiki mbili; kukamatwa kwa Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, Agosti mwaka huo huo; kutangazwa kwa hali ya hatari, Oktoba 1952; kiwanda cha saruji cha Bamburi kuanza uzalishaji, 1954; mgomo wa bandari wa Machi 1955, aliokuja Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kuupatanisha; maji ya bomba kutoka chemchemi za Mzima kufika mjini, 1957; kiwanda cha kusafishia mafuta Changamwe, 1963; Uhuru, Desemba 1963. Maji ndiyo kigingi bora kwa utoto, kwa sababu mtoto ndiye aliyetumwa kuteka.

Kiwanda cha mafuta nacho hukamata makosa. Mzee akikumbuka moto wake alipokuwa darasa la kwanza mwaka 1952, huenda anachanganya na matangi ya Shimanzi, ambayo yalikuwapo tangu zamani. Usimsahihishe pale pale. Andika pembeni, umrudie kikao cha pili.

Kwa Waislamu, Ramadhani ni saa kamili. Kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Ramadhani ya 1947 iliingia Julai, ya 1955 mwishoni mwa Aprili, na ya 1964 siku chache tu baada ya mapinduzi ya Unguja. Basi ukiambiwa "tulikuwa tumefunga na ilikuwa kusi kali" (kusi ni upepo wa kusini wa katikati ya mwaka), tayari una miaka michache tu ya kuchagua.

Jina la mwajiri pia lina tarehe ndani yake. Mpaka 1948 ni Reli na Bandari za Kenya na Uganda. Kutoka hapo ni za Afrika Mashariki, na hazikutenganishwa mpaka 1969. Kwa hivyo mtoto wa mtu wa gatini akisema "baba alikuwa reli", hajakosea.

BiMakupa

Mimi naongeza nyumba, kwa sababu ndipo wengi huuliza juu juu. Mpe mzee karatasi kubwa na penseli, achore nyumba aliyolelewa. Ikiwa ni Majengo, mara nyingi itakuwa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma wenye jiko na choo. Kisha kila chumba: nani alilala, alitoka bara au pwani, alilipa nini, alifanya kazi gani. Hapo ndipo utaona bandari yote imo ndani ya nyumba moja. Uliza kando kodi ya chumba na kodi ya ardhi. Majengo mtu aliweza kumiliki kuta na paa huku kiwanja ni cha mwingine, na usipotenganisha, maelezo ya kuhamishwa hayataeleweka.

Nyumba za reli Makande na za manispaa kama Buxton ni habari nyingine: nyumba ilikuja na kazi au na orodha ya wanaongoja nyumba, na baba akiachishwa kazi, familia ilitoka. Buxton ya zamani imeshabomolewa, kwa hivyo mchoro wa mzee huenda ukawa ndio pekee mtakaoupata.

Katika kuandika, pesa ziache kwa majina yao. Ndururu ni senti 5, peni ni senti 10, thumuni ni senti 50. Nimeona maandishi ambamo "peni" imegeuzwa pesa za Uingereza, na bei ya mkate ikaharibika.

Picha: usizing'oe kwenye albamu ya gundi. Pitisha uzi wa kusafishia meno polepole chini yake. Ikikataa, ipige ikiwa pale pale. Skani kwa dpi 600, na zile ndogo za sentimita 6 kwa 1200, uhifadhi kama faili ya TIFF. Skani na mgongo pia, maana muhuri wa studio uko huko. Pini na stepula zitoe, chumvi ya pwani huzitia kutu, nayo hula karatasi. Namba iandikwe kwa penseli laini, kamwe si kalamu.

BinTudor

Shukran sana. Wazee wawili tayari wamepingana kuhusu mikutano ya mgomo wa 1947. Mmoja asema ilikuwa Majengo, mwingine Kiembeni.

MhifadhiKale

Hawapingani. Uwanja wa Majengo, hapa kisiwani, wafanyakazi waliuita Kiembeni. Si Kiembeni ya upande wa Kisauni. Andika zote mbili na maelezo mafupi.

Na kabla ya kikao kijacho, pata idhini kwa maandishi, kila jambo na sahihi yake: kuhifadhi, kuwasikilizisha watu, kuweka mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yawahusu hata ninyi. Mzee akitaja jirani kwa ubaya, muulize kama sehemu hiyo ifungwe. Nakala ziwe tatu, moja nje ya nyumba yenu, na familia ipewe yake kabla ya wiki kuisha.