Albamu kubwa ikipewa sehemu ya pili: inaheshimiwa au inaharibiwa?

Upande B:
Nauliza kwa dhati. Thriller ya Michael Jackson, ya 1982, ina nyimbo tisa tu, kila ikiisha nabaki na kiu. Simaanishi albamu yake iliyofuata, Bad ya 1987, hiyo ni safari nyingine. Nasema Thriller ya Pili, inayoanzia pale ya kwanza ilipoishia. Mngetaka muendelezo wa albamu ipi, na uwe na sura gani?

Sindano:
Sitaki wa albamu yoyote. Rapa Jay-Z alitoa The Blueprint 2001, mwaka uliofuata akaileta ya pili, diski mbili nzima. Nani anaisikiliza mwanzo hadi mwisho? Na Thriller bila mtayarishaji wake, Quincy Jones, sahau kabisa. Yule ndiye mwenye albamu, Michael alikuja kuimba tu.

Besi Nzito:
Alikuja kuimba tu?! Sindano, futa hiyo kauli. Nne kati ya hizo tisa kaandika Michael mwenyewe, Billie Jean ikiwemo. Quincy alisimulia kwa mdomo wake kwamba aliuona utangulizi wa wimbo huo mrefu mno, Michael akagoma usikatwe kwa sababu ndio unaomtia hamu ya kucheza. Leo dunia nzima inautambua kwa ngoma peke yake.

Sindano:
Na tano zilizobaki? Tatu ni za mtunzi Rod Temperton, hata huo uliobeba jina la albamu. Nani aliyemleta Temperton tangu Off the Wall, albamu ya Michael kabla ya Thriller? Quincy. Soma nyuma ya jalada, mkuu.

Besi Nzito:
Jalada nimelisoma kabla hujajua Temperton ni nani. Dangerous ya Michael ya 1991, Quincy hakuwemo. Ile nayo nani mwenyewe?

Mwangwi:
Jamani, swali ni muendelezo. Rapa Raekwon alitoa Only Built 4 Cuban Linx 1995, sehemu ya pili ikaja 2009, na inasimama yenyewe. Mwimbaji wa roki Meat Loaf naye: Bat Out of Hell 1977, ya pili 1993, na nyimbo za zote mbili ni za mtunzi Jim Steinman. Ya tatu, 2006, Meat Loaf alimshtaki Steinman juu ya jina, Steinman hakuitayarisha, na mimi siisikii roho yake.

Sindano:
Umeona? Aliye nyuma ya pazia akiondoka, albamu inakufa.

Besi Nzito:
Steinman ni mtunzi! Unachanganya mtunzi na mtayarishaji ili ushinde. Halafu ya pili ya Raekwon ina midundo ya watayarishaji kibao, wakati ya kwanza karibu yote ni ya mtayarishaji mmoja, RZA. Mbona haikufa?

Upande B:
Niwajibu kwa mfano wangu. The Miseducation of Lauryn Hill, 1998. Inaanza na mwalimu akiita majina darasani, la Lauryn likiitwa hakuna anayeitika. Alikuwa na miaka 23, na hadi leo hajatoa albamu nyingine ya studio peke yake. Muendelezo ungeanza na darasa lile lile, jina liitwe, aitike. Hapo ningelia.

Sindano:
Aitike juu ya midundo ya nani? Wanamuziki wa New Ark, waliofanya naye kazi kwenye albamu hiyo, walimshtaki kwa kunyimwa haki ya utunzi, wakamalizana nje ya mahakama 2001.

Besi Nzito:
Sasa na Lauryn naye alikuja kuimba tu? Sema wazi, tukujue.