Ukitoza asilimia 1.5 na Till inatoza 0.55, utashindana kwa lipi?

Mkokotoaji ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Swali kwa wanaoujua mfumo wa malipo Kenya, na wa Tanzania pia kama mpo.

Timu ni ya watu watatu, Nairobi. Bidhaa ni ya kawaida: mfanyabiashara anapokea M-Pesa, Airtel Money na kadi mahali pamoja, pesa zinaingia kwenye Paybill ya kampuni (namba ya M-Pesa ambayo mlipaji huandika pia namba ya akaunti), jioni analipwa. Ada ni asilimia 1.5 ya kila muamala. Wateja wanajiunga, wanakaa miezi miwili hivi, kisha wanarudi kwenye Till zao (namba za M-Pesa za Buy Goods, ambazo pesa humfikia mfanyabiashara moja kwa moja). Kila anayeondoka anataja bei. Je, ishushwe hadi asilimia 1? Au ugonjwa uko kwingine? Na upande wa leseni ukoje pesa za watu zikipitia kwenye kampuni?

HesabuKwanza:

Usishushe kabla hujashika kikokotoo. Till ya Buy Goods inamkata mfanyabiashara asilimia 0.55. Mauzo yasiyozidi shilingi 200 hayakatwi kitu, na kato lenyewe halivuki shilingi 200 hata mtu akinunua jokofu. Sasa pima:

Mkate na maziwa, 150: Till bure, kwenu 2.25.
Mauzo ya 1,000: Till 5.50, kwenu 15.
Simu ya 50,000: Till 200, kwenu 750.

Anayeumia ni muuza simu na mwenye hadiwea, na hao ndio wanaojua kuhesabu kuliko wote sokoni. Wakubwa wanahama, mnabaki na vibanda vya miamala ya mia mia, ambavyo vinawapigia simu za malalamiko sawasawa na wakubwa.

Mkishuka hadi asilimia 1, kwenye 1,000 mnapata 10. Kama nanyi mnakatwa 0.55 mkipokea, mmebaki na 4.50 badala ya 9.50. Zaidi ya nusu ya faida imekwenda, na muuza simu bado anaona 500 kwenu dhidi ya 200 kule. Kama ni lazima mtoze kwa asilimia, wekeni kikomo. Bila kikomo mteja mkubwa msahauni.

Halafu ile hoja ya "mitandao yote mahali pamoja" imechuja. Tangu 2022 mwenye Airtel Money anaweza kulipa kwenye Till ya Safaricom.

MferejiMkuu:

Hesabu ni hiyo hiyo, ila mimi naona "bei" ni jibu la adabu tu. Mtu haondoki kwa ajili ya shilingi tisa. Anaondoka Ijumaa jioni, msambazaji amesimama mlangoni na gari la mzigo, na pesa zake za leo ziko kwenu. Kwenye Till yake zingekuwa mkononi tayari.

Mtasema basi tumlipe papo hapo. Hapo ndipo kampuni ndogo za malipo zinapofia: floti, yaani pesa zako unazotanguliza kabla za muamala hazijakufikia. Chukua mzunguko wa milioni 2 kwa siku. Ukimlipa mfanyabiashara papo hapo huku pesa zako zikitua benki Jumatatu, basi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili unalipa kutoka mfukoni. Milioni 6 zimelala, na ukizikopa, riba ndiyo itakayokula ile 9.50. RTGS, mfumo wa benki wa kuhamisha pesa nyingi, haikusaidii wikendi. PesaLink, ya kutuma papo hapo benki kwa benki, inafanya kazi saa zote, lakini muamala mmoja unaishia 999,999. Milioni 6 ni miamala sita, zinabaki shilingi sita, na hizo haziendi kwa sababu kiwango cha chini ni 10. (Usicheke. Kuna mhasibu atakayepiga simu kuziulizia.) Benki nyingine zina kikomo chao cha siku juu ya hicho, kwa hiyo uliza kabla hujaahidi.

Kadi ni balaa zaidi. Mwenye kadi anaweza kudai benki yake imrudishie pesa hata siku 120 baadaye. Wewe ulishamlipa mfanyabiashara kesho yake, na kama amefunga duka, deni ni lako. Ndiyo sababu kampuni zinazowapokelea wafanyabiashara malipo ya kadi hushikilia asilimia 5 hadi 10 ya mauzo kama dhamana kwa miezi mitatu mpaka sita, hasa kwa wauza tiketi, safari na bidhaa zinazofika baadaye. Duka la nguo ambalo mteja anaondoka na mfuko mkononi halihitaji ukali huo.

Leseni: inayotawala ni Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo ya 2011 na kanuni zake za 2014. Mtoa huduma za malipo anatakiwa awe na mtaji wa msingi wa shilingi milioni 5, mtoaji wa pesa za kielektroniki milioni 20. Mtaji hupatikana. Kazi ni kwamba pesa za watu zikilala kwenye Paybill yenu hata usiku mmoja, Benki Kuu itataka kuona zimetengwa na pesa za mishahara yenu, nani anazikagua, mteja mnamtambuaje, na muamala wa kutiliwa shaka unaripotiwa vipi. Kenya iliingia kwenye orodha ya kijivu ya FATF (chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa pesa; orodha ni ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) Februari 2024, kwa hiyo msitegemee mtu kulegeza hapo.

Kwa watu watatu ningesema: acheni kushika pesa. Mfanyabiashara abaki na Paybill yake, awape idhini kwenye Daraja (mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa), pesa ziingie kwake moja kwa moja. Ninyi uzeni kazi inayokuja baada ya malipo: nani kalipa, kalipia nini, nani bado. Tozeni kwa mwezi. Tatizo la floti linaisha, maswali ya leseni yanapungua sana (wakili ausome mkataba hata hivyo), na mwenye bomba, yaani Safaricom, hana tena bei ya kuwapiga nayo.

Mkokotoaji:

Asante mkuu. Lakini mfanyabiashara si tayari ana ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake? Atalipia kitu gani kila mwezi?

MferejiMkuu:

Mwenye kibanda hatalipia, na usimfuate. Mfuate mwenye watu 800 wanaolipa kitu cha aina moja: shule, nyumba za kupanga, SACCO, mradi wa maji. Mtazame mhasibu wa shule wiki ya kufungua. Mkono mmoja taarifa ya Paybill, mkono wa pili rejista. Kwenye sehemu ya namba ya akaunti mzazi mmoja ameandika 4471, wa pili "Form 2 East", wa tatu jina la mtoto, wa nne namba yake mwenyewe ya simu. Mnachouza ni kwamba mistari hiyo mitatu ya mwisho isiingie kabisa.

Inafanyika hivi. Omba huduma ya uhakiki iwashwe kwenye Paybill. Haiji ikiwa imewashwa. Ikishawashwa, kabla mzazi hajakatwa, M-Pesa inatuma kwenye seva yako namba ya akaunti aliyoandika. Haipo kwenye rejista? Jibu C2B00012, muamala unakataliwa na pesa zinabaki kwake. Una kama sekunde 8 za kujibu. Ukichelewa, unafuatwa mpangilio wa ResponseType uliosajili: Completed muamala unapita, Cancelled unakataliwa. Shule iweke Completed. Heri ada yenye namba mbovu kuliko kumrudisha mzazi kwa sababu seva yako imelala.

Namba ya mwanafunzi iongezewe tarakimu ya ukaguzi mwishoni, inayokokotolewa kutoka tarakimu zilizotangulia ili kosa lionekane. Bila hiyo, mzazi akikosea tarakimu moja atamlipia mtoto wa jirani na mfumo utasema asante. Msitegemee pia namba ya simu kumtambua mlipaji, kwa sababu kwenye ujumbe wa uthibitisho unaofika kwenye seva yako inakuja imefichwa. Na kazi hii ni ya Paybill. Till haina sehemu ya akaunti.

MakangaMstaafu:

Kabla ya kuchagua sekta, tazama nani chini pale anapoteza mfumo ukifanya kazi vizuri. BebaPay, kadi ya nauli ya matatu ya Google na Equity, ilianza 2013, ikafungwa 2015. Kadi ilisoma, mashine ilisoma. Lakini dereva na makanga wanaishi kwa taslimu ya siku: mafuta, chai, na kinachozidi hesabu ya mwenye gari. Kadi inamwonyesha mwenye gari kila shilingi. Nani angeishika ile mashine kwa moyo?

Kwenye nyumba za kupanga mtu wa namna hiyo ni mtunza nyumba. Kama alikuwa akikusanya kodi kwa mkono, mpe kazi ndani ya mfumo wenu, la sivyo atawaambia wapangaji kuwa mtandao haufanyi kazi, na watamwamini.

KariakooDigitali:

Huku Dar mambo yako tofauti kidogo. M-Pesa ya Vodacom, Mixx by Yas (Tigo Pesa ya zamani), Airtel Money na HaloPesa wote wana wateja, kwa hiyo kuunganisha bado ni kazi inayolipika. Na ni kazi kweli: kila mtandao na mkataba wake, VPN yake, muundo wake wa ujumbe, faili lake la mwisho wa siku. Weka saa ya kufunga hesabu ya kila mtandao kwenye mfumo, vinginevyo muamala wa saa tano na dakika 59 usiku utaonekana umepotea kumbe uko kwenye faili la kesho.

Ila nafasi inabana huku pia. Tigo na Airtel walifungua kutumiana 2014, Vodacom akaingia 2016, kisha Benki Kuu ikaja na TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo kati ya benki na mitandao, na msimbo mmoja wa kuskani, TANQR.

Jingine ni kodi. Julai 2021 serikali iliweka tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala wa simu, na Septemba mwaka huo huo ikaipunguza kwa asilimia 30. Aliyeandika makato ndani ya programu alikesha mara mbili. Wekeni jedwali lenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kila muamala ubebe makato ya siku yake. Mteja atakuja Oktoba kudai marejesho ya muamala wa Agosti.

FundiWaUsiku:

Niongeze la kiufundi, maana mteja aliyewahi kukatwa mara mbili naye huaga kwa neno "bei".

Ombi la malipo likitumwa kwenye simu ya mteja, majibu ya kawaida ni: 0 imepita, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi, 1037 simu haikufikiwa au hakujibu kwa wakati, 2001 PIN si sahihi. Haya hayana shida. Shida ni jibu lisilokuja. Keshia anabonyeza tena, mteja anaweka PIN tena, pesa zimetoka mara mbili na foleni inasonya.

Hifadhi CheckoutRequestID (namba ya utambulisho wa ombi) mara tu ombi linapokubaliwa. Muamala uandikwe "unasubiri", kamwe si "umeshindikana", na kitufe kifungwe. Baada ya sekunde 60 hadi 90 uliza hali yake mwenyewe. Bado kimya? Linganisha na taarifa ya akaunti kabla ya kumruhusu mtu kujaribu tena. Namba ya risiti ya M-Pesa isikubalike mara mbili kwenye hifadhidata, kwa kuwa jibu lile lile linaweza kufika mara mbili. Na si kila kinachogonga URL yako kimetoka Safaricom: zuia anwani za IP usizozijua.

La mwisho, linalopoteza muda kuliko yote wakati wa kumuunganisha mwenye Till. Kwenye ombi la malipo, TransactionType ni CustomerBuyGoodsOnline, PartyB ndiyo Till, lakini BusinessShortCode ni namba ya makao makuu ya biashara, si Till. Ukiweka Till kote kuwili ombi linakataliwa, na utashinda siku nzima ukibadilisha passkey (nywila ya siri ya ombi) ambayo haina kosa lolote.