Mjadala: Chati ya rada ibaki au iachwe tunapolinganisha vigezo vingi?

Mtoa mada

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Chati ya rada, ile yenye mihimili inayochomoza kutoka katikati na mistari inayounganisha alama hadi likatokea umbo, haifai kumwonyesha msomaji kipi bora kati ya vitu viwili au vitatu. Inampotosha hata pale aliyeichora hana nia mbaya, na hapo ndipo inaponiuma.

Chukua vigezo sita, kila kimoja kikipimwa hadi 10. Kitu kimepata 10 kwenye vitatu na 2 kwenye vitatu vilivyobaki. Zile 10 zikikaa jirani, unapata umbo nene lililoelemea upande mmoja. Ukizipishanisha, 10, 2, 10, 2, unapata nyota iliyokonda. Eneo hupatikana kwa kuzidisha kila jozi ya alama jirani na kujumlisha. Ukiacha kizidishi cha pembe, ambacho hakibadiliki, mpangilio wa kwanza unatoa 248, wa pili 120. Data ni ileile, na umbo moja ni zaidi ya mara mbili ya jingine! Vigezo sita vina mipangilio 60 tofauti kuzunguka duara. Huo unaouona mbele yako aliuchagua nani, na kwa sababu gani? Karibu kila ripoti ninayoisoma iko kimya juu ya hilo.

Kuna na hili: alama zote zikiongezeka mara mbili, eneo linaongezeka mara nne. Watafiti wa takwimu William Cleveland na Robert McGill walionyesha mwaka 1984 kwamba macho yetu hukadiria vizuri zaidi mahali pa nukta kwenye mizani moja ya pamoja, kuliko urefu, pembe, na hasa kuliko eneo. Chati ya rada inaweka eneo mbele kabisa, kisha tunashangaa msomaji akikosea.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, hesabu yako siipingi. Ninachopinga ni kudhani kila anayeisoma anapima eneo. Mimi nachambua takwimu za wachezaji wa soka, na kwenye kazi hiyo rada ina faida ambayo chati za nguzo hazina: sura. Mshambuliaji na kiungo mkabaji unawatofautisha kabla hujasoma namba hata moja. Mpangilio wetu haubadiliki. Vigezo vya kushambulia vinakaa pamoja, vya kukaba pamoja, na msomaji aliyeshazoea anajua umbo likivimba juu maana yake nini. Wanaoonja kahawa hufanya hivyohivyo na ladha. Hapo swali ni huyu ni wa aina gani. Nani bora ni swali jingine.

Mchangiaji wa tatu

Mimi naona wote mmepita pembeni ya tatizo kubwa zaidi, mizani. Simu tatu, betri zao zinadumu saa 18, 19 na 20. Programu nyingine huweka ya chini kabisa kuwa sifuri na ya juu kuwa moja. Simu ya saa 18 inaangukia katikati ya chati kana kwamba haina betri! Weka na bei humo, ambayo ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Mchoraji akisahau kuigeuza, simu ghali inatokeza nje kama mshindi. Nimeona maamuzi ya manunuzi yakijadiliwa juu ya michoro ya namna hii, na hakuna mezani aliyeuliza sifuri iko wapi.

Mchangiaji wa nne

Ndugu, hilo la mizani ni kweli, lakini usiitwike rada peke yake. Hata chati za mihimili sambamba, ambazo mihimili yake imesimama kando kwa kando badala ya kuzunguka, na chati za nguzo zinaharibika hivyohivyo ukibana mizani.

Niongeze kuhusu duara lenyewe. Mwanatakwimu Mjerumani Georg von Mayr alikuwa anatumia michoro ya jamii hii tangu 1877, kwa hiyo si mtindo uliozuka juzi. Wengi huichanganya na mchoro wa muuguzi Mwingereza Florence Nightingale wa 1858 kuhusu vifo vya askari, ambao ni wa vipande vya duara na eneo la kila kipande limekusudiwa kusomwa. Ule ulifuata miezi, na miezi huzunguka: baada ya Desemba inakuja Januari. Saa za siku ni hivyo, pande za upepo ni hivyo. Lakini bei, uzito na kasi havizunguki. Ukivifunga kwenye duara umetengeneza ujirani usiokuwepo.

Mtoa mada

Mchangiaji wa nne, hapo kwenye ujirani umenisemea vizuri kuliko nilivyosema mwenyewe.

Kwa mchambuzi wa soka: mchezaji mmoja, mpangilio usiobadilika, wasomaji waliozoea, sina ugomvi na hilo. Ugomvi unaanza mnapolaza wachezaji wawili juu ya chati moja, mkawajaza rangi ndani, na mtu akaamua nani asajiliwe. Rangi hiyo ndiyo inayomwambia msomaji apime eneo. Kwa uamuzi wa namna hiyo nataka chati ya nukta: kila kigezo mstari wake, nukta mbili, tofauti inaonekana papo hapo. Haivutii macho, lakini anayepoteza nafasi kwa sababu ya mchoro ana haki ya kupimwa sawasawa.

Mchangiaji wa pili

Rangi ya ndani nakubali kuifuta, na wawili juu ya chati moja nitawatenganisha, kila mmoja na yake pembeni ya mwenzake. Sababu ya mpangilio nitaiandika chini ya kila mchoro. Rada yenyewe siiachi, maana chati yako ya nukta yenye vigezo kumi na mbili inanipa mistari kumi na miwili ya kusoma mmoja mmoja, na kocha mwenye wachezaji thelathini wa kupitia hatafika mwisho. Nionyeshe nukta zinazomwonyesha aina ya mchezaji kwa haraka ileile, nami nitahama.