Tupeane uzoefu: Dodoma, Kolo, Tabora mpaka Ujiji kwa treni

Mgogo wa Chang'ombe
Mbukwenyi wakuu. Honi ya treni ya zamani imelia hapa mjini sasa hivi, nikakumbuka kosa ambalo wageni wa reli ya kati hawaliachi: wanapanga safari kwa kuangalia SGR, ile treni mpya ya umeme, hii ya zamani wanaidandia tu. Geuzeni. SGR ya Dar na Dodoma ipo kila siku, ukikosa ya asubuhi unapanda ya baadaye. MGR, yaani hii ya zamani, inayokwenda Tabora na Kigoma, haipo kila siku, na siku zake hubadilishwa. Tarehe ya kwanza kuandika kwenye karatasi ni siku MGR inapopita Dodoma. Ukiipata, hesabu nyuma siku tatu: ya kufika, ya Kondoa, na ya akiba.

Tena siku ya kutoka Dar siyo siku ya kupita Dodoma. Treni ikitoka Dar jioni, huku ni kesho yake. Kila mara kuna mtu anakuja stesheni na tiketi ya jana.

Anayejua kipande chochote cha njia hii, aweke. Kilomita, vitanda, maji, vyote.

Fundi Njia
Kweli tupu.

Dada wa Kolo
Naanza na Kondoa, maana wengi wanaikosea basi. Michoro ya miambani haipo Kondoa mjini. Ipo kuanzia Kolo na vijiji vya jirani, mbele ya Kondoa kwa anayetoka Dodoma. Ukipanda basi linaloishia Kondoa mjini, itabidi utafute usafiri mwingine. Panda la Babati au Arusha, mwambie kondakta akushushe Kolo, na liwe la alfajiri. Njia yote ni lami.

Kolo unaanzia ofisi ya Mambo ya Kale. Hapo unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Usipitilize ukidhani utapanda mlima peke yako. Mapango ya Kolo yanayoitwa B1, B2 na B3 yako kilomita kama kumi kutoka ofisini, njia ni mbaya, na mwisho unapanda kwa miguu. Bodaboda inafika chini ya mlima. Kubaliana naye bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, la sivyo bei ya kurudi utaisikia ukiwa huna pa kukimbilia.

Michoro myekundu, ya watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, ni ya wawindaji wa kale. Ile myeupe minene ni ya baadaye. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Na jamani, MSIMWAGIE MAJI mwamba ili picha itoke vizuri! Maji yanabeba chumvi, yakikauka chumvi inabaki juu na kula rangi. Nenda kabla ya saa nne asubuhi, mwanga ukiwa unaingia kwa ubavu, utaona kila kitu bila maji.

Mongomi wa Kolo, yaani B1, bado watu wanafanyia matambiko. Ukikuta pombe imemwagwa chini, usiulize kwa kejeli.

Mtoto wa Makutupora
Nyongeza kwa wanaokuja na SGR: kuna Makutupora MBILI. Moja ipo kaskazini ya jiji la Dodoma, njia ya Kondoa, kwenye visima na zabibu. Nyingine ni stesheni ya reli upande wa Manyoni, mkoa wa Singida. Ramani ya simu ikikuonyesha "Makutupora" usishangilie.

Kaka Bahi
Hiyo ya zabibu ndiyo Makutupora halisi. Ya Manyoni ni stesheni tu.

Mtoto wa Makutupora
Halisi kwa nani? Huko Manyoni hawaishi watu?

Kaka Bahi
Sijasema hawaishi. Nasema ukitaja Makutupora Dodoma nzima inakuelewa ya JKT.

Mgogo wa Chang'ombe
Hamieni pembeni, wageni wanasubiri. Nyongeza ya Dodoma mjini: stesheni ya SGR na ile ya zamani siyo jengo moja. Mwenye mabegi achukue bajaji, na aache saa mbili kamili kati ya treni moja na nyingine.

Bwana Ratiba
Saa mbili za nini? Unayetoka Dar usijichoshe na MGR usiku kucha. Iache iondoke jioni, lala kwako, asubuhi panda SGR, inafika Dodoma kwa saa tatu na nusu au nne hivi. MGR unaikuta hapo au bado haijafika. Unakuwa umeokoa usiku mzima. Nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa shilingi 31,000 mwaka 2024, angalia kama imebadilika.

Fundi Njia
Mkuu, unampoteza mtu. SGR inategemea umeme. Mwaka 2024 tulitangaziwa kuwa bundi na ngedere wamesimamisha treni, umesahau?

Bwana Ratiba
Ngedere hawapandi nguzo kila siku 😂

Fundi Njia
Wanapanda siku ambayo una tiketi ya kuunganisha. Njoo siku moja kabla, ulale Dodoma. Chumba cha wageni ni nafuu kuliko kupoteza kitanda cha Kigoma.

Binti Unyanyembe
Mwangaluka. Nizungumzie kitanda chenyewe. Daraja la pili kulala ni watu sita chumba kimoja, vitanda vitatu vitatu. Wanawake chumba chao, wanaume chao, isipokuwa mmenunua chumba kizima, kwa hiyo familia ya watu watano inunue sita. La kwanza ni wawili. Daraja la pili kukaa na la tatu ni viti tu.

Kitanda gani? Cha chini kina dirisha, lakini mchana ni benchi la watu wote. Cha kati kikikunjwa kinakuwa egemeo, ukitaka kulala saa saba mchana mpaka uwaombe wenzako wasimame. Cha juu hakiguswi na mtu, ila saa tisa alasiri Manyoni bati linachemka. Mimi nasema cha juu.

Mwana Ujiji
Cha chini. Ukiwa juu ukasinzia, mabegi yako chini yanalindwa na nani?

Binti Unyanyembe
Na kufuli na mnyororo. Mita moja inatosha, funga begi kwenye mguu wa kitanda. Dirisha usiku liwe limefungwa kila treni inaposimama. Wezi hawaingii, wanaingiza mkono. Simu isilale kwenye kile kimeza cha dirishani.

Abiria wa Igalula
Cha kati. Ninyi wote hamjui.

Fundi Njia
Sasa hili ndilo kubwa, nitaliandika kwa urefu kwa sababu wageni hawaambiwi.

Kichwa cha treni kinaweza kufa njiani. Dodoma mpaka Tabora ni kama kilomita 380, hesabu saa kumi mpaka kumi na mbili mambo yakienda sawa. Kipande kibaya zaidi kufia ni baada ya Itigi. Unaingia kichaka cha Itigi, miti imesongamana kiasi kwamba mtu hapiti, stesheni ni ndogo na zimeachana. Reli ni moja tu. Kichwa kikifa, hakuna njia ya kupishana mpaka kwenye stesheni yenye reli ya pili, kwa hiyo kinaombwa kichwa kingine, na mara nyingi kinatoka Tabora. Kama Tabora hakuna kilicho tayari, kinasubiriwa cha treni ya mizigo. Hizo ni saa nne, sita, wakati mwingine usiku mzima.

Kinachotokea kina mpangilio. Saa ya kwanza watu wanacheka, wanashuka kupiga picha. Saa ya pili taa za mabehewa zinafifia, maana betri hazichajiwi behewa likiwa limesimama. Saa ya tatu maji ya chooni yanakwisha, kwa kuwa tangi hujazwa stesheni kubwa tu. Hapo ndipo choo kinageuka adhabu. Saa ya nne behewa la chakula linabaki na chai ya rangi, na chupa ya maji inapanda bei. Watoto wanaanza kulia, mama mwenye mgonjwa anatafuta mtandao wa simu, haupo. Anayeteseka siyo aliyelala daraja la tatu, huyo kajiandaa na ndoo yake. Anayeteseka ni wa daraja la kwanza aliyekuja na chupa moja ya nusu lita.

Kwa hiyo: kila mtu mzima lita tano za maji ya kunywa Dodoma mpaka Kigoma, na lita tano nyingine za chumba kizima kwa ajili ya choo. Tochi ya betri, siyo ya simu. Noti za shilingi 500 na 1,000, maana usiku hakuna mwenye chenji. Karatasi ya chooni. Shuka nzito, kwa sababu mwezi wa saba alfajiri ya Tabora inakata. Na ukishuka kunyoosha miguu, kaa upande wa behewa lako. Treni ikipata kichwa haipigi honi mara mbili kukusubiri.

Abiria wa Igalula
Hapo pa kutosubiri umenikumbusha yule wa asali Itigi.

Jamaa mmoja, mrefu, koti la kijivu, kashuka kununua asali. Itigi asali ni nzuri, kila mtu anashuka. Anaonja ya huyu, anaonja ya yule, anataka ya nyuki wadogo. Treni ikasogea. Yeye akadhani inabadilisha reli, akaendelea kupunguza bei! Alipogeuka, behewa la mwisho linapita. Kabaki na galoni la lita tano na kandambili. Begi, viatu na mke viko ndani.

Mke alilia mpaka Tura. Tukachanga maneno ya kumfariji, mwingine akamwambia mume kapata mke wa Itigi. Treni ikafika Tabora usiku. Kuangalia jukwaani, jamaa amekaa juu ya galoni lake, anakula karanga.

Mwana Ujiji
Uongo.

Kaka Bahi
😂😂😂 mke alisemaje?

Bwana Ratiba
Siyo uongo, pigeni hesabu. Manyoni–Itigi–Chaya–Nyahua–Tabora sasa ni lami, jumla kama kilomita 260 kutoka Manyoni. Toka Itigi inabaki kama 220. Basi ni saa tatu na nusu. Treni kipande hicho ni saa sita au zaidi.

Mwana Ujiji
Kama basi lipo saa hiyo! Akiachwa usiku je?

Fundi Njia
Ndiyo maana ukiachwa usikimbilie bodaboda kuifukuza treni. Nenda kwa msimamizi wa stesheni kwanza. Anapiga mbele, mizigo yako inashushwa Tabora na kuandikwa. Halafu ndiyo utafute basi au lori. Na tiketi na kitambulisho viwe mwilini, siyo kwenye begi.

Dada wa Kolo
Kaka, mke alisemaje?

Abiria wa Igalula
Alimpokonya karanga.

Shangazi Saranda
Mnasifia Itigi mnasahau Saranda. Kuku anauzwa hapo kabla ya Manyoni, nunua kwa dirishani, usishuke. Shika nyama kwanza ndipo utoe hela. Mguu wa juu uwe wa moto. Wa baridi ni wa treni iliyopita.

Binti Unyanyembe
Tabora shukeni, msipite tu. Usiku mmoja hautoshi, na kwa kuwa treni haipo kila siku mtajikuta mmekaa siku mbili au tatu mpende msipende. Andikeni hilo kwenye bajeti. Kwihara ipo nje kidogo ya mji, pale kwenye tembe alikokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuachana na Stanley. Sasa ni makumbusho, ila ulizia mjini kwanza mwenye ufunguo yuko wapi. Mjini kuna boma la Wajerumani, ni la jeshi, usipige picha. Na Tabora ndipo TANU ilipokaa Januari 1958 na kukubali kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ndio ule uamuzi wa busara. Wazee wa mtaani watakusimulia pia mtemi Isike wa Unyanyembe aliyejilipua na baruti mwaka 1893 asikamatwe na Wajerumani. Miembe mikubwa barabarani inasemwa ni kumbukumbu ya misafara.

Onyo moja: Tabora treni inakatwa. Mabehewa mengine yanakwenda Mwanza, mengine Kigoma, mengine Mpanda. Kazi hiyo inachukua muda na mabehewa yanasogezwa gizani. Ukienda kwenye behewa la rafiki yako kupiga soga wakati huo, utaamka Shinyanga. Soma kibao cha behewa, umuulize na mhudumu.

Mwana Ujiji
Mwakeye. Tabora–Kigoma kilomita zaidi ya 400. Kaa macho kuanzia bonde la Malagarasi, kisha Uvinza, mji wa chumvi tangu enzi na enzi. Reli ilifika Kigoma 1914, na jengo la stesheni la Wajerumani bado linatumika. Ujiji siyo Kigoma mjini, ni daladala fupi. Kwenye kumbukumbu ya 1871, Stanley alipomkuta Livingstone, mwembe mnaouona siyo ule wenyewe, ni uzao wake, msibishane na mwongozaji. Meli ya Liemba ilizinduliwa 1915, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924. Msipange kurudi nayo mpaka muulize bandarini kama inasafiri.

Kaka Bahi
Msimu je?

Fundi Njia
Juni mpaka Oktoba. Desemba mpaka Aprili usipange bila siku mbili za akiba. Kilosa mpaka Gulwe reli ya zamani inafuata mto, mchanga unajaa chini ya madaraja, maji yanapita juu ya tuta. Ndiyo ilivyofungwa mwanzoni mwa 2010. Huku kwetu Bahi na Kintinku napo ni bwawa mvua ikizidi.

Bwana Ratiba
Mvua ndiyo safari nzuri, nchi ni kijani.

Fundi Njia
Kijani utakiangalia siku tatu ukiwa umesimama.

Dada wa Kolo
Na ile asali ilifika?

Abiria wa Igalula
Nusu. Galoni lilijazwa mpaka mdomoni, joto likaipanua, kifuniko kikaachia kwenye basi. Acha vidole vitatu juu, funga kifuniko na nailoni, lisimamishe, na usiliweke juu ya kitanda cha mtu.

Mwana Ujiji
Basi gani? Ulisema wewe ulikuwa kwenye treni.

Abiria wa Igalula
Alitusimulia mwenyewe, koti lilikuwa bado linanata.